Mwaka Niliomfundisha Jabiri Kujibu

Tulipotoka kumzika Mwalimu Redempta, sisi wazazi wa zamani tulikaa upande mmoja wa turubai kama tulivyokuwa tukikaa kwenye varanda ya shule, kila mmoja na sahani ya wali maharage mapajani. Wote tumezeeka. Mama Neema, ambaye zamani alikuwa mnene na mwenye kelele, sasa amekonda na kelele zake zipo palepale. Alinitazama, kisha akaninyooshea kijiko. "Wewe Baba Jabiri! Si ndiye wewe uliyemfundisha mtoto mtihani wa daktari?" Nikasema ndiye mimi. "Mtoto akafaulu, baba ukafeli," akasema, na turubai zima likacheka, hata wale waliokuwa wametoka kulia. Nilicheka nao. Jabiri alikuwa pembeni yangu, mwanaume mzima mwenye ndevu, akila wali wake polepole bila kuinua macho. Sijui kama alisikia. Kwa kawaida husikia yote. Tuliporudi nyumbani Madale nilijaribu kulala mchana nikashindwa, maana maneno ya Mama Neema yalikuwa ya kweli na hakuna mtu aliyewahi kuyasema kwa ufupi namna ile. Ndiyo maana nauandika mwaka ule. Habari za ukoo wetu na za ujana wangu naziacha, hazina msaada hapa.

Tulikuwa tunaishi Temeke, tumepanga vyumba viwili vya uani katika nyumba ya Bi Mwanaidi. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi mawili, kabati la vyombo na redio juu yake, na chini ya meza kulikuwa na mahali pa Jabiri. Alikuwa na umri wa miaka sita. Alikaa pale asubuhi hadi jioni na kifuniko cha sufuria, akikizungusha sakafuni na kuinamisha sikio kukisikiliza mpaka kitulie, kisha anakizungusha tena. Lori likipiga honi barabarani aliziba masikio na kulia kama ameungua. Mimi nilikuwa karani wa yadi ya makontena kule Kurasini, natoka asubuhi narudi jioni, kwa hiyo niliyoyaona mimi ni machache kuliko aliyoyaona mke wangu Zuhura. Niliyoyaona nikayachagua. Niliona kwamba Jabiri anaweza kusema tangazo la sabuni la redioni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na sauti ya mtangazaji akaiiga, na muziki wake akauimba. Nikawaita wageni waje wasikie. "Huyu ana kichwa cha ajabu," nikawaambia. Zuhura alikuwa anakuna nazi mlangoni. Alisubiri wageni waondoke ndipo akasema, "Tangazo analijua. Maji ya kunywa hajawahi kuniomba."

Pale uani kila mtu alikuwa na dawa yake. Wanawake walikaa kwenye mikeka wakichambua mchicha na kumchambua mwanangu pamoja nao. Mmoja alisema akatwe kimeo, kile kinyama cha kooni. Mwingine akasema ni udata, ulimi umeshikwa chini, ukikatwa kidogo maneno yatamwagika. Bi Mwanaidi, mwenye nyumba wetu, hakutaka kusikia habari za kukata. "Muacheni mtoto wa watu," alisema. "Wa kiume wanachelewaga. Mjomba wangu mie alisema mkubwa kabisa, na aliposema hakunyamaza tena mpaka tunamzika." Nilikuwa nakunywa chai chumbani nikisikiliza, na maneno ya Bi Mwanaidi yalinishibisha kuliko chapati niliyokuwa naila. Zuhura hayakumshibisha. Ndiye aliyempeleka mtoto hospitali, akarudi tena na tena mpaka akapewa siku ya kuonana na daktari wa watoto, na ndiye aliyenilazimisha niende naye siku hiyo.

Daktari alikuwa binti wa rika la wadogo zangu wa mwisho. Alinisalimu shikamoo kwa heshima, akaketi sakafuni na Jabiri muda mrefu. Alimwonyesha picha, akamuuliza jina, akamuuliza rangi, akamwita kwa nyuma, akajifanya amejigonga kidole ili aone kama mtoto atamtazama. Jabiri hakujibu hata moja. Alipata gurudumu la gari la plastiki akalizungusha. Daktari akasimama, akakaa kwenye kiti, akasema, "Baba, mama, mtoto wenu ana usonji."

"Usonji ndiyo nini?" nikauliza.

"Ubongo wake unapokea mambo kwa njia tofauti na sisi. Siyo wendawazimu, na siyo kosa la mama. Akisaidiwa mapema atajifunza mengi."

"Daktari, huyu anajua tangazo zima kwa kichwa."

"Nakubali, baba. Je, akikuhitaji wewe, anakwambiaje?"

Sikuwa na jibu, na kwa kuwa sikuwa na jibu nikakasirika. Leo naweza kuandika hivyo kwa urahisi. Siku ile nilijiona nina hoja. Nilimwambia kwamba ameonana na mtoto saa moja tu, na mimi nimemlea miaka yote. Zuhura alinishika mkono chini ya meza, nikautoa.

Shule moja ya msingi kule kwetu ilikuwa na kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, chumba kimoja mwisho wa jengo, na Mwalimu Redempta ndiye aliyekishika. Alikuwa mtu wa kusini, Mmakonde, mwenye sauti ya chini na vidole vyenye chaki. Nafasi zilikuwa chache na Zuhura aliipigania ya Jabiri mpaka akaipata. Mtoto akaanza. Baada ya majuma machache aliacha kulia asubuhi, akawa anavaa viatu mwenyewe. Zuhura akaanza kuimba jikoni. Mimi nilipita pale siku moja nikachungulia dirishani nikaona watoto wengine, mmoja anatokwa na mate, mwingine anajipiga kichwa kwa kiganja, na katikati yao mwanangu. Niliona aibu. Sina neno jingine la kulitumia. Wenzangu yadini wakiniuliza Jabiri anasoma wapi, nilitaja shule nikaacha kutaja kitengo. Nikaamua moyoni kwamba nitamtoa mle, na kwamba njia ya kumtoa ni kumshinda yule daktari.

Nina elimu ya kidato cha nne, na enzi zetu tulifaulu kwa kukariri. Mwalimu alisema, tukasema, siku ya mtihani tukasema tena. Sikujua njia nyingine ya kumfundisha mtu. Na maswali ya daktari nilikuwa nayakumbuka yote, kwa kuwa niliyasikiliza kwa hasira. Nikanunua kwa machinga chati ya picha, wanyama upande mmoja na rangi upande mwingine, nikaibandika ukutani juu ya redio. Kila jioni nikitoka kazini, kabla ya kula, nilimtoa Jabiri chini ya meza nikamsimamisha mbele ya ile chati na pakiti ya biskuti mkononi. Unaitwa nani? Jabiri Mussa. Una miaka mingapi? Sita. Hii nini? Ng'ombe. Hii rangi gani? Nyekundu. Nilisema mimi, akasema yeye, biskuti. Nilisema mimi, akasema yeye, biskuti. Mchuzi ulipoa, Zuhura alipakua, akarudisha, akapakua upya. "Mwache ale," alisema. "Atakula," nilijibu, "akishamaliza." Lakini jambo nililolitilia mkazo kuliko yote lilikuwa shikamoo, kwa kuwa kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa haulizwi ana ugonjwa gani, huulizwa ni wa nani.

Akaishika. Siku aliyomwambia Bi Mwanaidi shikamoo, bibi yule aliacha ndoo ikaanguka. "Mashallah! Si niliwaambia? Wanachelewaga!" Uani wote wakapiga vigelegele. Jabiri akaendelea. Akamwamkia mpangaji wa chumba cha kona, akaliamkia jogoo, akamwamkia mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, na yule mchanga alipokaa kimya Jabiri akajibu mwenyewe, "Marahaba." Wote tukacheka. Nililiona hilo la kuamkia hata jogoo, wala sitajifanya kwamba sikuliona. Kule yadini kazi yangu ilikuwa kutazama namba ya kontena na lakiri yake, kile kifungo cha mlangoni. Lakiri ikiwa nzima na namba ikilingana, kontena linapita, na kilichomo ndani hakinihusu. Ndivyo nilivyomtazama mwanangu mwaka ule. Namba zililingana.

Sikurudi kwa yule daktari wa kwanza. Nilitafuta mwingine, kwenye zahanati ya upande wa pili wa mji, siku ambayo niliambiwa kuna watu wengi. Zuhura sikumwambia. Daktari yule alikuwa amechoka, na mlango wake ulikuwa unafunguliwa kila mara. Jabiri alisimama wima mbele ya meza akasema shikamoo daktari. Akataja jina, akataja umri, akataja ng'ombe na nyekundu. Nilisimama nyuma ya daktari, mahali ambapo mtoto angeniona, na biskuti zilikuwa mfukoni. Tulitoka na karatasi inayosema kwamba hakuna dalili, ni kuchelewa kusema tu, asome na wenzake. Nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Nilipompelekea karatasi ile ili Jabiri ahamie darasa la kawaida, mwalimu mkuu hakubisha, kwani kulikuwa na watoto wengine wanaosubiri nafasi ile. Mwalimu Redempta ndiye aliyebisha. Aliniita kwenye varanda akasema, "Baba Jabiri, mtoto akijibu anakutazama wewe mfukoni."

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe siyo daktari."

Alifuta chaki kwenye vidole vyake kwa upindo wa kitenge, akamshika Jabiri mkono, akampeleka mwenyewe hadi darasa la kwanza. Zuhura alipojua hakunipigia kelele. Alipakua chakula, akakiweka mezani, akaenda kula uani kwa Bi Mwanaidi, na akala huko kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana.

Darasa la kwanza lilikuwa limejaa, wengine wamekaa sakafuni, na mafundisho yalikuwa ya kuitikia kwa pamoja kwa sauti ya kutikisa bati. Jabiri aliziba masikio. Mwalimu wa darasa alidhani ni jeuri. Jabiri alikuja nyumbani na alama za fimbo kwenye miguu, akaanza tena kulia asubuhi, akaacha kuvaa viatu mwenyewe, akarudi chini ya meza. Nilijiambia atazoea. Nilimwambia na Zuhura, "Atazoea," naye akaniuliza, "Nani, yeye au wewe?"

Hakuzoea. Siku moja wakati wa mapumziko alitoka getini akaenda zake. Shule haikujua mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Zuhura alinipigia simu yadini, na nilipoona jina lake saa ile nilijua kabla hajasema. Nilitoka mbio nikiwa na fulana ya kazini ya rangi ya chungwa. Barabara zile zina malori ya makontena yanayofuatana kutwa nzima, na mimi nilijua kuliko mtu yeyote jinsi dereva aliye juu kule asivyoweza kumwona mtoto aliye chini mbele yake. Nilikagua kila lori lililosimama. Niliinama kutazama magurudumu. Madereva walinitukana, mmoja akaniuliza, "Mzee, umepoteza nini?" nikakimbilia lori jingine.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipoambiwa kuna mtoto kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mtaa wa mbali na kwetu. Tulimkuta amekaa kwenye benchi, ana vumbi mpaka kope, amekojoa. Mama mmoja muuza vitumbua ndiye aliyemtoa kando ya barabara. "Mtoto ana adabu huyu!" alituambia. "Kila mtu anayeingia anamwamkia. Nikamuuliza jina, kasema. Miaka, kasema. Nikamuuliza kwenu wapi, akaniambia ng'ombe. Baba yako nani? Akaniambia nyekundu. Jamani, nikasema huyu mtoto ananifanyia mzaha." Jabiri aliponiona, akasimama wima mbele yangu. "Shikamoo daktari," akasema.

Zuhura alimbeba, mkubwa vile, hatukupanda chochote, akambeba hadi nyumbani. Nilitaka kumpokea akakataa. Karibu na mlango ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ng'ombe anamjua. Kwao hapajui." Nilienda chumbani nikabandua ile chati. Gundi ilishika rangi ya ukuta, ikabaki alama ya mraba ambayo Bi Mwanaidi alinidai niipake tulipohama.

Wapo wanaodhani majuto ni kukaa kitako na kulia. Nililia, ndiyo, lakini kesho yake asubuhi niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa yule daktari wa kwanza. Nilikaa foleni na akina mama na watoto wao, mwanaume peke yangu kwenye benchi lile, mpaka akaniita. Nilimweleza yote: chati, biskuti, zahanati, mahali niliposimama. Nilitegemea anifokee. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa baba, uniambie wewe. Siyo nilivyosema mimi. Wewe unamwonaje Jabiri?" Nikamwambia habari za kifuniko cha sufuria. Nikamwambia kuhusu honi, na jogoo, na marahaba. Nilimwambia kwamba akitaka kitu hushika kifundo cha mkono wa mama yake na kuupeleka penye kitu hicho, kama mtu anayetumia mwiko. Nilikuwa nayajua mambo yote haya. Nilizungumza mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. "Haya ndiyo niliyotaka siku ile," daktari akasema, na akaandika upya karatasi ya shule.

Nafasi ya kitengo ilikuwa imeshachukuliwa na mtoto mwingine, ndiye Neema. Mwalimu mkuu alinionyesha kwa mikono kwamba hana la kufanya. Nilimwambia nitakuja kesho. Nikaja kesho, na kesho yake, nikasimama varandani na Jabiri mkononi mpaka Mwalimu Redempta akatoka. Nilimwamkia, mwanamke niliyemzidi umri, kwa kuwa sikuwa na namna nyingine ya kuanza. Alicheka kidogo akakataa kuitikia. "Baba Jabiri, sina msaidizi," alisema. "Watoto ni wengi, mikono yangu miwili. Akija na mtu wa kukaa naye, nitampokea. Mama yake anaweza?"

"Nitakaa mimi," nikasema.

Yadini nikaomba zamu ya mchana hadi usiku, ambayo hakuna aliyeitaka, na asubuhi zote za mwaka ule zilizobaki nilikaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakinigusa kidevu. Mama Neema alikuwa anamleta wake, akinikuta hapo hunitania, "Mwanafunzi, umefanya hesabu?" Nilifuta mate ya watoto ambao zamani niliwaonea aibu, nikajua majina yao. Mwanzoni kazi yangu kubwa ilikuwa kufunga mdomo. Mwalimu akimuuliza Jabiri kitu, jibu lilinijia mimi ulimini, naye alikuwa akiinua kidole kunizuia bila hata kunitazama, kisha anasubiri. Sijawahi kumwona mtu anayejua kusubiri vile.

Saa ya uji ndipo nilipomwona akifanya jambo lililonikera. Jabiri hakupenda uji wenye limao. Mwalimu alikuwa akimpa kikombe cha limao kwa makusudi, anasubiri mtoto akisukume, halafu anamsemea polepole, "Sitaki," na kukiondoa mara moja, anampa kisicho na limao. Kila siku hivyo hivyo. Nilivumilia, nikashindwa. "Mwalimu, samahani. Unamfundisha mtoto ukaidi?"

"Namfundisha kukataa."

"Nyumbani kwetu mtoto hamwambii mkubwa sitaki."

"Hata kwetu," alisema. "Lakini huyu wako anakubali kila kitu, Baba Jabiri. Unamwambia sema, anasema. Siku ile alipopotea, mtu angemwambia twende, angekwenda." Akaendelea kukoroga uji. Sikumuuliza tena.

Ilipokaribia Idi nilimpeleka Jabiri kunyolewa. Nywele zilikuwa kazi ngumu kupita zote. Siku zote nilimbana kichwa katikati ya magoti yangu, kinyozi anapitisha mashine, mtoto analia mpaka anatapika, tunamaliza, tunamfuta, tunasema mtoto wa kiume halii. Kibanda kilikuwa kimejaa watu wa Idi. Nikambana. Kinyozi akaanza upande wa kushoto, akafika katikati ya kichwa, na Jabiri hakulia. Nilihisi kiganja chake kinausukuma mkono wa kinyozi, polepole, kama anasukuma kikombe.

"Sitaki," akasema.

Kinyozi hakusikia, mashine ilikuwa inaunguruma. Mimi nilisikia. Lilikuwa neno ambalo sikumpa mimi, na hakuna biskuti iliyokuwa mfukoni. "Zima," nikasema. Kinyozi akanitazama. "Mzee, bado nusu." Nikamwambia tena azime. "Kha! Mtoto anakuamrisha?" akasema mtu aliyekuwa anasubiri zamu. Nikafungua magoti. Jabiri akasimama, akajipangusa nywele shingoni, akatoka nje, nami nikalipa hela kamili nikamfuata.

Tulipita mtaa mzima hivyo, mwanangu upande mmoja kipara na upande mmoja msitu, mimi nimemshika mkono. Vijana waliokaa kwenye pikipiki zao walituona tukitokea mbali. "Baba Jabiri!" mmoja akapaza sauti, "vipi huko, umeme umekatika?"

"Umeme upo," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Amekataa mwenyewe."